Neno Nililokatazwa Leba

Wenzangu walifukuzwa shule. Mimi nilifukuzwa leba, tena nikiwa na miaka sitini na minane.

Siku hiyo mjukuu wangu alikuwa anajifungua mtoto wake wa kwanza. Nilisimama karibu na kichwa chake nikipiga kelele, "Sukuma! Sukuma, mama, sukuma!" Kumbe njia haijafunguka hata nusu. Mtoto wa watu akasukuma mpaka akaishiwa nguvu. Mkunga akaniambia, "Bibi, toka." Nikatoka. Mjukuu wangu akamalizia kazi peke yake, ameshika chuma cha kitanda. Baadaye alinisimulia bila hasira, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma.

Sasa mimba ya pili ilipofika miezi minane, akaja kwangu, akajishusha kwenye kiti taratibu.

"Bibi, nakutaka wewe tena. Lakini wakikutoa safari hii, sijui nitafanyaje. Siwezi kuzaa tena nimekumbatia chuma."

"Na mume wangu je?" nikamuuliza. Namaanisha mume wake. Mimi na yeye ni wake wenza tangu alipoolewa, ila zamu yangu sijapewa mpaka leo.

"Mume wako alizimia mtoto akidungwa chanjo. Umesahau?"

Sijasahau. Ni fundi friji mwenye mabega mapana, lakini ilibidi manesi watatu wamwinue.

Basi nikaenda kliniki kwenye mafunzo ya wanaosindikiza wazazi. Shule ya msingi nilimaliza zamani sana, kwa hiyo nilikaa mbele kabisa na penseli yangu. Anayefundisha ni nani? Mkunga yule yule. Akaniangalia, nikamwangalia. Akatuonyesha namna ya kukandamiza kiuno, kumnywesha mama maji kidogo kidogo, kumtembeza, kupumua naye. Akasema anayefanya kazi hii siku hizi anaitwa dula. Mimi nikasikia dua, nikaitikia, "Amina!" Darasa zima likacheka, isipokuwa yeye.

Tulipomaliza akanivuta pembeni.

"Bibi, utaingia kwa sharti moja. Lile neno lako ni la kwangu. Ukilitamka kabla yangu, unatoka."

"Neno gani, mwanangu?"

"Unalijua."

"Litaje basi, nisije nikakosea."

"Bibi!"

Uchungu ulimshika mjukuu wangu asubuhi anaanika nguo. Saa nne tulikuwa mlangoni leba. Mlango wenyewe umeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: SUKUMA. Nikausoma kimoyomoyo. Hata mlango una ruhusa kuliko mimi!

Ndani nikaanza kazi. Uchungu ukija, naweka kiganja chini ya kiuno chake, nakandamiza kwa uzito wangu wote, na uzito ninao.

"Hapo hapo, Bibi. Usitoe!"

"Sitoi. Haya, poza chai. Fuuu. Taratibu, fuuu."

"Chai ya nani?"

"Ya mume wetu. Ni ya moto, na ulimi wa kuungua ni wa kwake."

Akacheka katikati ya maumivu, na maumivu yakapita. Tukatembea mpaka dirishani na kurudi. Nikamfuta uso kwa kitambaa cha maji baridi, nikamshikia kikombe. Mkunga alikuwa mezani akiandika, sikio moja kwangu.

Mara dada wa usafi akaja na toroli la mashuka, magurudumu yakakwama kizingitini.

"Bibi, hebu nisaidie. Nivute au nifanyeje?"

"Fanya hilo lingine!"

"Lipi?"

"Lile ambalo si kuvuta!"

Kalamu ya mkunga ikasimama. Nikaenda mwenyewe, nikalipiga lile toroli teke moja, likapita. Kalamu ikaendelea.

Saa nane mambo yakabadilika. Mjukuu wangu akawa hataki utani tena. Akanishika mkono, jasho linamtiririka.

"Bibi, nasikia kama natakiwa kusukuma. Niambie nisukume. Niambie tu!"

Mkunga alikuwa chumba cha pili na mama mwingine. Ndugu zangu, neno lilinijia mpaka kwenye meno. Nikauma mtandio wangu. Nikawaza mjukuu wangu akibaki humu peke yake tena, nikalimeza.

"Poza chai, mwanangu. Fupi fupi. Hu, hu, hu. Niangalie machoni." Kisha nikaita kwa nguvu zote, "Sista! Njoo mbio! Anataka lile neno!"

Mkunga akaja, akapima. "Imebaki kidogo sana. Akisukuma sasa atajichosha bure. Bibi, mshikilie."

Nikamshikilia. Alinining'inia shingoni, tukayumba kulia, tukayumba kushoto, kama walevi wawili wanaodai hawajanywa. Hu, hu, hu. Magoti yangu yalilalamika, nikayaambia yasubiri zamu yao.

Mkunga akapima tena. Safari hii akatabasamu, na mimi sikujua kwamba ana meno mazuri vile.

"Njia iko wazi. Haya, Bibi. Neno hilo, nakupa."

Nikafungua mdomo. Halikutoka! Yalitoka machozi. Sauti iliyokuwa ikitetemesha mabati, leo imenitoroka. Nikainama mpaka sikioni kwa mjukuu wangu, nikanong'ona, "Sukuma, mama. Sukuma sasa."

Akasukuma mara nne, mikono yetu imeshikana. Ya nne ikaja na msichana, anateleza, analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Mkunga akamlaza kifuani kwa mama yake, akawafunika wote wawili. Nikamsaidia mjukuu wangu kuinua kichwa ili amwone vizuri, na kitoto kikaanza kutafuta ziwa bila kuelekezwa.

Nje fundi friji aliuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuingia. Mkunga akamjibu aingie, ila kwanza atafutiwe kiti.

Mimi vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kazi imekwisha. Niachie mkono."

"Wewe ndiye umenishika, Bibi."

Tukaangalia wote. Ni yeye aliyenishika.

Wala hakuniachia.