Nisagie Kidogo

Kitendawili! Itika basi, usinitolee macho tu. Gurudumu linakwenda mbio, baiskeli haijasogea hata hatua moja, na mwenyewe kalala chini. Ni nini?

Usinipe mji. Miji nimepewa mingi, sina pa kuiweka. Shika kitendawili chako, kaa nacho, tupande kilima. Ni saa sita mchana, jua liko utosini, na lami imelainika mpaka tairi zinaacha alama.

Kengele alikuwa mbele. Walimwita hivyo kwa sababu kengele ya baiskeli yake iliibwa siku nyingi, akawa anapiga mwenyewe kwa mdomo, "Kriling! Kriling! Pisha!" na watu wanapisha huku wanacheka. Nyuma yake alikuja mume wa dada yake. Huyo kwenye ghala la maji, walikofanya kazi, walimwita Bwana Harusi, maana siku ya kwanza ya kazi alikuja na shati lake la harusi, akidhani kupeleka maji safi kwa watu wasafi kunataka nguo safi. Shati lilimalizika kwa wiki moja. Jina likabaki.

Kila mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji ya kunywa, mawili ubavu huu, mawili ubavu huu. Dumu moja lita ishirini. Kila kizibo kimepigwa lakiri nyekundu. Lita mia moja na sitini za maji zilikuwa zinapanda kilima na watu wawili. Ya kwao wenyewe yalikuwa nusu lita kwa kila mtu, yaliyogawiwa alfajiri, na yalikwisha kabla ya saa nne.

"Shemeji," Bwana Harusi aliita. "Simama kidogo."

"Tutasimama juu."

"Ulimi umekuwa kama soksi."

"Basi uvue."

Bwana Harusi hakucheka. Hilo ndilo lililomfanya Kengele ageuke, kwa sababu mtu huyu alikuwa anacheka hata msibani mpaka anakanyagwa mguu. Alimwona amesimama katikati ya barabara, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ukuta. Shingo yake ilikuwa kavu. Chumvi imemchora michirizi myeupe mashavuni. Malaika ya mikono yamesimama wima, kama ya mtu aliyetoka kuoga maji ya baridi.

"Naona jasho limekukauka," Kengele alisema. "Afadhali. Umeshapoa."

Hivyo ndivyo walivyofundishana ghalani, mkubwa kwa mdogo, miaka yote: anayemwagika jasho ndiye mgeni, aliyekauka mwili umeshaizoea kazi. Hakuna aliyewahi kuwaambia vingine.

Penye geti jeusi kulikuwa na kivuli, kipande kama mkeka mmoja hivi. Bwana Harusi alisimamisha baiskeli, akaketi. Mlango mdogo ukafunguliwa, akatoka mlinzi na kirungu.

"Inuka."

"Mzee, dakika mbili tu," Kengele alimjibia. "Mwenzangu kichwa kinamuuma."

"Kivuli hiki kinasubiri gari."

"Gari liko wapi?"

"Linakuja jioni."

Bwana Harusi alicheka sasa, kicheko kibaya, kilichochelewa. Mlinzi alidhani anachekwa yeye. Kirungu kilitua begani, cha pili kwenye kiwiko cha mkono, na Kengele aliisikia sauti ya mfupa kabla hajausikia ukelele. "Mnataka nifukuzwe mimi?" mlinzi alipiga kelele. "Mnataka nikafe njaa mimi kwa ajili ya makalio yenu?"

Wakaondoka. Hatua mia moja mbele palikuwa na ukuta mrefu, mweupe, usio na kivuli hata cha kuficha paka. Hapo miguu ya Bwana Harusi ikakataa.

"Nisagie kidogo," alisema.

Kila mtu ghalani aliijua lugha hiyo. Nyuma ya kila baiskeli, karibu na spoku, kilifungwa kidude cheusi, kidogo kama kiberiti. Gurudumu likisimama zaidi ya dakika tano, kidude kinaandika. Kikiandika mara tatu kwa siku moja, unasimama uwanjani juani, dumu lililojaa kichwani, mpaka msimamizi achoke kukutazama. Basi wapanda baiskeli nao wakatumia akili. Mmoja akichoka, wanaegesha baiskeli kwenye stendi, gurudumu la nyuma linaning'inia, na mwenzake anazungusha pedali kwa mkono. Kidude kinaona mtu anakwenda. Wao waliita kusaga. Walijivunia sana. Ndicho kitu pekee walichomshinda nacho msimamizi.

Kengele aliziegesha baiskeli mbili sambamba, akachuchumaa katikati. Mkono wa kulia pedali yake, mkono wa kushoto pedali ya shemeji. Akaanza kusaga.

"Lala, bwana. Leo nakupa nusu saa ya kifalme."

Bwana Harusi alilala pale pale penye vumbi, uso kwenye ukuta. Baada ya muda akasema, "Mwambie mke wangu afunge dirisha. Baridi."

"Nitamwambia."

"Na hilo dumu... fungua moja, shemeji."

Mikono ya Kengele haikusimama, lakini macho yake yalikwenda kwenye lakiri. Wiki mbili zilizopita mwenzao mmoja alifungua dumu kwenye kilima hiki hiki, akanywa, akajaza pengo kwa maji ya mfereji. Sheria ya ghala ni kwamba anayevunja lakiri hupigwa na wenzake, kila mtu mara moja, kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Msimamizi hajichafui mikono. Yule alikula mapigo kumi na moja, na la tisa lilimwondolea meno mawili. La tisa lilikuwa la Kengele.

"Vumilia," Kengele alisema. "Kuna bomba kwa fundi gereji, kule juu. Pumzika kwanza, kunywa utakunywa."

Bwana Harusi alipumua kwa nguvu, kama mtu anayekata kuni. Mguu wake mmoja ukaanza kupiga chini, haraka haraka, kisigino kinachimba vumbi.

Kengele akacheka. "Hata usingizini unapanda kilima! Wewe mtu!"

Mguu ukapiga, ukapiga, kisha ukatulia.

"Sasa umelala," Kengele alisema, na akasaga. Mabega yalimwaka. Jasho liliingia machoni asiweze kulipangusa, maana mikono yote ilikuwa kazini. Alimhesabia magari yanayopita. Alimsimulia habari za mama mkwe mmoja aliyemfukuza mkwewe kwa mwiko. Magurudumu mawili yalilia zzz juani, na madumu manane yalikaa kimya na maji yake. Nusu saa ilipokwisha akaongeza robo saa, kwa moyo mweupe kabisa. Mtu akilala usingizi mzuri namna hiyo, utamwamsha kwa roho gani?

Saa saba ndipo alipoacha pedali, akamshika bega. Bega lilikuwa la moto kama pasi. Akamgeuza. Macho yalikuwa wazi, vumbi limetua juu yake, na hayakupepesa.

Alimpiga kofi. Alimpiga tena. Aliokota jiwe akaivunja lakiri, akammiminia dumu zima usoni, kifuani, mdomoni, na mdomo ulijaa ukamwagika kama kikombe. Akavunja la pili. Alikuwa anamtukana sasa, matusi ya nguoni, analia na kummiminia, anamkaba koo kwa mkono mmoja ili anywe. Lita arobaini. Maji yaliteremka kilimani hatua chache tu, lami ikayanywa yote.

Dereva wa lori la kokoto ndiye aliyewachukua hospitali. Ilikuwa saa saba u nusu. Nesi alimgusa Bwana Harusi mara moja, akavuta shuka.

Asubuhi ya pili wapanda baiskeli kumi walipangwa uwanjani. Kengele alipigishwa magoti mbele yao. Msimamizi alisimama mlangoni mwa ofisi yake. Walimwita Kiyoyozi, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho humo ndani, na kila alipofungua mlango ubaridi ulitoka naye. Mgongoni kwake, ukutani, Kengele aliliona bango ambalo hakuwahi kuliona, maana wao hawakuwa wanaingia humo. Lilikuwa na picha ya mpanda baiskeli mnono anayetabasamu chini ya mti. KUNYWA MAJI MARA KWA MARA. PUMZIKA KIVULINI.

"Lakiri mbili," Kiyoyozi alisema taratibu. "Kwa nini?"

"Shemeji alikuwa anakufa, bosi."

"Saa ngapi?"

"Alilala kama saa sita na robo. Hakuamka."

Kiyoyozi alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye kidude. Aliisoma, akainua macho, akaonekana kama mtu anayesikitika kweli. "Gurudumu lake lilizunguka mpaka saa saba kamili. Halikusimama hata mara moja. Sasa unaniambia alikuwa amelala." Akainama karibu na sikio lake. "Kama alikuwa amelala, nani alikuwa anazungusha?"

Kumi wote walijua. Kila mmoja kati yao alikuwa na mwenzake wa kumsagia.

"Nauliza tena. Maana huyo mtu, popote alipo, ameidanganya ghala hii, na amemficha mgonjwa mpaka akafa. Huyo ni wa polisi. Nani?"

Kengele alitazama chini.

"Hakuna? Basi alikuwa anaendesha mwenyewe." Kiyoyozi akatoa barua mfukoni. "Hospitali hawatoi maiti ya mtu wa kazini bila barua ya kazini. Weka sahihi kama shahidi, mkamzike ndugu yenu."

Kengele alizisoma herufi polepole. Akatikisa kichwa. "Hii siyo kweli, bosi."

"Haya. Lakiri kwanza, ukweli baadaye."

Wenzake walipita mmoja mmoja. Wa kwanza alipiga kwa huruma, mpira ukagusa shati tu. "Anayepiga kama anapangusa meza," Kiyoyozi alisema, "alale yeye." Wa pili akapiga. Wa tatu ngozi ilipasuka. Wa nne alikuwa yule aliyepoteza meno. Aliushika mpira kwa mikono miwili, akamtazama Kengele kwa muda mrefu. Pigo lake lilimpata sikioni, na tangu hapo Kengele aliyasikia mengine kwa mbali, kama mtu anayepiga godoro nyumba ya tatu. Wa nane alikuwa analia. Alipiga vilevile.

Kengele alipopewa kalamu, vidole havikuweza kuishika. Wenzake walimkunjia, akaweka sahihi.

Dada yake alikuwa anakaa chumba kimoja, na nusu ya chumba ilikuwa cherehani. Mazishi yalikwisha saa tisa. Majirani walikuwa nje bado, wanakunja mikeka. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea kwa kuwa viti vingine vilikuwa vimeazimwa. Barua ilikuwa juu ya meza ya cherehani, mbele yake.

"Kaa, kaka."

"Nasimama. Mgongo."

Hakumuuliza mgongo una nini. Alisoma kwa sauti, kidole kinafuata mstari kama alivyofundishwa shuleni. "'Marehemu alionywa mara nyingi kunywa maji na kupumzika. Kama kumbukumbu za baiskeli yake zinavyoonyesha, hakusimama tangu saa nne hadi saa saba kamili, alipoanguka. Marehemu alikataa kupumzika.'"

Aliikunja barua.

"Mume wangu," alisema. "Mume wangu alilala kwenye kiti cha kinyozi, akanyolewa hadi nyusi. Alilala siku ya harusi yangu, meza kuu, mama yangu anatoa nasaha. Huyo ndiye alikataa kupumzika?"

Nje mtu alicheka jambo fulani, akanyamazishwa.

"Nesi kaniambia alipofika alikuwa ameshakufa zaidi ya saa moja. Mlifika saa saba u nusu. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba naiweza, kaka. Lakini gurudumu likazunguka mpaka saa saba."

Mkono wake ulikuwa kwenye gurudumu la cherehani. Alilisukuma kidogo, bila uzi, bila kitambaa. Sindano ikapanda na kushuka. Gurudumu likakimbia zzz, na cherehani ikakaa pale pale ilipokuwa miaka sita yote. Akalitazama. Kengele alimwona analitazama, akaona jambo linavyomwingia, kwanza machoni, kisha mdomoni.

Alilishika likasimama.

"Sahihi hii ni yako."

"Ni yangu."

"Basi niambie. Nani alikuwa anazungusha?"

Kengele alilisikia swali hilo kwa sikio moja, lile zima. Mikono yake, bila yeye kuituma, ilikuwa imekunja ngumi zenye tundu katikati, upana wa pedali.

"Mimi, dada," alisema. "Nilikuwa nampumzisha."