Mapigo Thelathini ya Chupa

Mjeledi wa baba yangu ulikuwa kiunoni mwa Ulric Pantin, nami nilikwenda Talparo kuuchukua.

Ilikuwa Jumanne ya Kanivali, saa tisa alasiri, na lami ya njia panda ilikuwa laini kwa jua. Sisi mapiero, wachekeshaji wa Kanivali, huvaa matambara ya rangi zote toka shingoni hadi vifundoni, halafu tunajidai maprofesa. Watu hutucheka mpaka tufungue midomo.

Sheria zetu ni fupi. Watu watatu katika umati wanataja herufi, kila mmoja yake. Mnapokezana kutoa neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu, kila neno refu kuliko lililotangulia. Kulitaja tu hakutoshi. Unalijenga mbele ya watu, silabi kwa silabi, kila silabi na kisa cha neno la Kiingereza lenye sauti kama yake, na kisa cha mwenzako hukirudii. Ukinyamaza, Verlyn muuza vinywaji anaanza kugonga chupa kwa kijiko. Yakitimia mapigo thelathini, umekwisha. Lakini mwenzako akisema lolote wakati bado unajenga, ameshindwa yeye. Aliyeshindwa anavua mjeledi, mshindi anauchukua.

Hivyo ndivyo baba, Anselm Lezama, alivyoupoteza wake miaka saba iliyopita. Ulric alinyamaza katikati ya neno. Baba akadhani amekwama, akamwambia, "Umeishiwa, ndugu yangu." Ulric akatabasamu, akamalizia neno lake. Baba alikufa Agosti ya mwaka ule ule, na msumari aliokuwa akiutundikia mjeledi ulibaki mtupu ukutani.

"Huyu nani tena?" Ulric aliuuliza umati, kana kwamba hanijui. "Mtoto wa Anselm? Baba yako alikuwa na kamusi kichwani na bomba bovu mdomoni. Wewe umerithi kipi?"

"Nimerithi huo mjeledi, Mzee. Umenitunzia tu."

"Sikieni, bomba limeanza kuvuja."

Watu walicheka. Nikauma ulimi. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi ulimi huo mwaka mzima.

Muuza maandazi ya dengu alitaja Q. Msichana mwenye sare ya bendi akataja T. Kutoka juu ya lori la muziki mtu akapaza Y.

Hakuna aliyenifundisha maneno. Nilikuwa na kamusi isiyo na jalada, na kwenye kiwanda cha matofali nilikofanya kazi, kila tanuri lilipokuwa likipoa, nilinakili ukurasa mmoja. Kurasa za Q nilizijua kama vidole vyangu. Nikaanza na *tranquillity*, herufi kumi na mbili, nikalijenga bila kukwama.

"Utulivu," Ulric alisema. "Na bado jasho linamtoka." Akatoa *unquestionably*, kumi na nne, akalijenga akitafuna njugu.

Nikavuta pumzi. Nikatoa *consequentially*, kumi na tano. Kisa changu cha kwanza kilikuwa cha tapeli aliyemuuzia padri mbuzi wa padri mwenyewe. Cha tatu, kile kipande chenye Q, nilikipa malkia, *queen*, aliyeibiwa kiatu. Umati ulipiga miguu chini. Nikajua kwamba maneno marefu kuliko hilo ni machache sana.

Ulric alitema ganda la njugu. "Neno zuri. Tatizo ni kwamba umelitoa kichwa wazi kwenye jua kali. Ngoja nilivalishe kofia." Akaongeza silabi moja tu mbele: *inconsequentially*. Kumi na saba.

Kicheko kilichozuka kilifunika hata muziki wa lori. Neno langu mwenyewe!

Akalijenga. Kipande cha kwanza, mlevi aliyekataa kutoka baa. Cha pili, mfungwa. Cha tatu, bahari. Akafika kwenye Q, akanyamaza.

Ting, ilisema chupa ya Verlyn.

"Ni ujanja wake," mtu alinong'ona nyuma yangu. "Kaza mdomo, Kerwyn."

Nilijua. Mapigo kumi. Ulric alinitazama bila kupepesa kope. Nilisubiri lile tabasamu lililommaliza baba. Kumi na tano. Tabasamu halikuja. Midomo yake ilicheza, ikasimama. Kidole gumba kilikuwa kikisugua mpini wa mjeledi, kwa kasi, kama mtu apapasaye mfuko uliotoboka.

Hapo nilielewa kwamba hanitegi. Amesahau.

Ishirini. Nilikuwa na kisa cha kipande kile, tena viwili. Kumdokezea neno moja tu kungetosha kumwamsha, na kungetosha kuuacha mjeledi kiunoni mwake. Ishirini na tano. Binti yake, Marva, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Niliutazama ule mpini. Nikauma ulimi hadi nikaonja damu.

Thelathini.

Walinibeba mabegani. Marva ndiye aliyefungua mjeledi kiunoni mwa baba yake, akanipa bila kunitazama. "Tangu Krismasi anasahau," alisema. "Tulimkataza kuja." Lori likawasha injini, na umati ukalifuata mteremkoni.

Nyuma yangu nikasikia sauti. Ulric alikuwa amesimama pale pale, akiiambia barabara tupu habari za mtu aliyebisha hodi nyumba saba akiomba maji ya kukata kiu, *quench*.

Desturi yetu ni kwamba mpinzani husikiliza hadi mwisho. Nikajichomoa mabegani mwa watu, nikarudi, nikasimama mbele yake. Alimalizia kiu, akajenga kipande cha tano, akajenga cha sita, taratibu, bila kosa.

"Herufi ngapi?" aliuliza.

"Kumi na saba, Mzee."

"Na lako?"

"Kumi na tano."

Aliutazama mjeledi mkononi mwangu. "Anselm asingeweza kunyamaza hivyo."

"Asingeweza," nilisema.

"Haya. Usiuache kwenye unyevu."

Mjeledi uko msumarini sasa. Kamba si ile ya baba. Ulric alishaibadilisha, akaifuma upya kwa ngozi, na mpini umepakwa mafuta mengi kuliko sisi tulivyowahi kuupaka. Vijana wakija nyumbani huniuliza neno nililomshindia Ulric Pantin. Nawaambia neno lililoshinda siku ile lilikuwa lake, nami nalijenga, vipande sita, na cha nne nakijenga kwa kiu.