Kuku Aliyevaa Helmeti

Wepukhulu alikuwa mwenyekiti wa stage ya bodaboda pale Matisi, Kitale, na kwa mdomo hakuna aliyemshinda. Kila Jumatatu asubuhi aliwapanga waendeshaji wenzake mstari mmoja, akawahubiria habari za helmeti mpaka povu likamtoka. "Kichwa hakina spea!" alifoka. "Zungukeni mji wote, mniambie ni duka gani linauza kichwa!" Aliyekuja bila helmeti alipewa adhabu ya kuosha pikipiki ya mwenyekiti. Ndiyo maana pikipiki ile, ingawa ilikuwa kuukuu na haikuwaka bila kusukumwa, iling'aa kuliko zote za Matisi.

Na helmeti yake mwenyewe je? Haya, twende kwake tukaione. Miaka miwili nyuma, shirika moja lilipogawa helmeti za manjano, Wepukhulu alipokea ya kwanza, akapigwa picha, akaipeleka nyumbani. Mkewe, Dinah, akaigeuza ya kupimia maharagwe. Kisha kuku mmoja mwekundu akaiona, akaingia, akajizungusha mara mbili, akatulia. Sasa alikuwa ameatamia mayai tisa humo ndani, nyuma ya mlango wa jikoni, na kila aliyemkaribia alidonolewa.

Usicheke mapema, maana wenzake hawakuwa na afadhali. Kiplangat aliivaa yake kwenye kiwiko. Wengine walizitundika kwenye vioo vya pembeni, wakazivaa tu wakiona polisi mbele, na wakishapita wanavua haraka kama zinawachoma. Uliza sababu, utachoka: joto, chawa wa abiria, mama wa kanisani hataki nywele zake za Jumapili ziharibike. Stage nzima mtu mmoja tu ndiye aliyevaa helmeti na kufunga mkanda chini ya kidevu. Huyo ni Cherono, mwanamke pekee kati yao, mtu wa Cheptais, asiye na maneno mengi. Aliivaa hata akienda kusaga mahindi ng'ambo ya barabara. Wanaume walimwita Mwanaanga, na aliyebuni jina hilo alikuwa mwenyekiti.

Siku moja barua ikaja. Shirika lilelile lilitaka balozi wa usalama barabarani, na Matisi ilikuwa imeteuliwa. Mwenyekiti na mwanachama mmoja wafike Bungoma siku ya Ijumaa, balozi asome hotuba, kisha akabidhiwe pikipiki mpya. Sharti lilikuwa moja: aje amevaa helmeti.

Wepukhulu aliisoma barua ile mara nne. Pikipiki hiyo aliihitaji kuliko chakula. Ile yake ilikuwa imefunguliwa injini mara mbili, na abiria walishaanza kumkwepa, maana nani anataka kusukuma kabla ya kubebwa? Krismasi ingemkuta akitembea kwa miguu, na mwenyekiti wa bodaboda anayetembea kwa miguu ni kichekesho cha kijiji.

Ijumaa alfajiri alivaa suti, akaingia jikoni.

"Mama Ian, toa huyo kuku."

"Baba Ian, unaota?" Dinah hakuinua hata macho kwenye chai. "Amebakisha siku tatu aangue. Mayai yakiharibika, utaatamia wewe?"

"Si ni helmeti yangu!"

"Tangu lini? Miaka miwili hujaijulia hata hali. Mguse basi uone."

Akamgusa, na akaona. Kuku alimdonoa kidole gumba mpaka damu ikatoka. Wepukhulu alikinyonya kidole chake, akafikiria. Vifaranga tisa si mchezo. "Sawa, nitaazima ya Kiplangat," akasema. "Mayai yasije yakaharibika bure." Jamani, mwanaume huyu aliyahurumia mayai! Kichwa chake mwenyewe hata hakikumpitia akilini.

Wakaondoka, yeye mbele, Cherono, mwanachama aliyechaguliwa kwenda naye, nyuma, kila mtu na pikipiki yake. Helmeti ya Kiplangat aliivaa palepale ilipozoea, kwenye kiwiko. Walipotoka kituo cha mafuta, Cherono akamsogelea.

"Chairman, si uvae?"

"Nitavaa tukikaribia Bungoma. Watu wa Kiminini lazima waone sura. Kiongozi hafichwi, bana."

"Kwani barabara inajua kiongozi?"

"Ati unanifunza? Miaka kumi na saba niko kwa hii kazi! Wewe endesha polepole, Mwanaanga, usije ukaruka mwezini."

Cherono akapunguza mwendo, akamwacha atangulie. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa limezibwa na suti.

Kiminini walimpokea vile alivyotamani. Pale stage ya matatu vijana wanaomjua walipiga mbinja: "Chairman! Chairman! Suti ni ya nani?" Wepukhulu akainua mkono wa kushoto, akapunga kama mgombea siku ya kampeni. Kufika mbele kidogo akasikia jina lake tena, sauti ya kike, akageuka amwone huyo anayemjua ni nani. Mbele yake kulikuwa na tuta jipya, la wiki ileile, halijapakwa rangi. Cherono aliliona kutoka mbali. Hata mbuzi wa pale walikuwa wameshalizoea.

Pikipiki iliruka, na mwenyekiti akaruka juu yake zaidi, suti ikipepea, kisha akatua kwa kichwa kwenye lami. Helmeti nayo ilifanya kazi yake kikamilifu: kiwiko hakikupata hata mkwaruzo.

Watu wakakimbia, nusu kusaidia na nusu kupiga picha. Cherono alivua leso yake, akamfunga kichwa, akapaza sauti mpaka mwenye gari moja la probox akakubali kumbeba hadi zahanati. Huko alishonwa nyuzi kumi na nne. Jino la mbele halikuonekana tena. Daktari akamuuliza anaitwa nani, akajibu vizuri. Akamuuliza mtoto wake anaitwa nani.

Wepukhulu akafungua kinywa. Akatafuta. Sura ya mtoto aliiona, hata pengo la meno aliliona, lakini jina halikuwepo. Hapo ndipo alipoogopa, akaogopa kikweli, machozi yakamtoka mbele ya Cherono na hakujali.

"Ni Ian," Cherono akamnong'oneza. "Mtoto anaitwa Ian."

Baada ya muda Wepukhulu akamnyooshea karatasi ya hotuba iliyokuwa mfukoni mwa koti. "Nenda ukasome. Waambie nakuja." Cherono alifika Bungoma saa sita, helmeti kichwani, damu ya mwenyekiti kwenye jaketi. Alisoma hotuba aliyokuwa ameandika mtu mwingine, kuanzia ule mstari wa kwanza, "Kichwa hakina spea", na watu wakalia. Pikipiki akapewa yeye.

Jumatatu, siku ya mahubiri, stage nzima ilikuja nyumbani kwake kumjulia hali mgonjwa, na mikate na sukari. Wepukhulu alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, kikubwa kuliko helmeti yoyote. Nje ilisimama pikipiki mpya ya Cherono, na mgonjwa aliikodolea macho kupitia dirisha huku moyo ukimuuma.

"Pole, Chairman," walisema mmoja mmoja.

"Ni shetani tu," alijibu kwa lile pengo lake. "Pale Kiminini kuna shetani wa barabara. Si kosa la mtu."

"Kweli kabisa," akaitikia Kiplangat, helmeti ikiwa kiwikoni.

Dinah alikuwa amebeba sinia la chai. Aliliweka chini, akaenda jikoni, akarudi na ile helmeti ya manjano mikononi, akaiweka juu ya meza katikati ya mikate. Ndani yake kuku mwekundu alimkodolea kila mtu jicho moja, na chini ya mbawa zake vichwa vidogo vilikuwa vikichungulia na kulia piu piu.

"Msimsingizie shetani kwa nyumba yangu," Dinah akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, kwa maana kwa siku tatu hakuwa amelala. "Huyu kuku hajaenda semina. Hajapigwa picha, hajaandikiwa hotuba. Lakini alipoingia kwa helmeti hakutoka mpaka safari yake ikaisha, na mayai yake tisa, yote tisa, yamefika. Wewe ulikuwa na kichwa kimoja tu, Baba Ian."