Miezi Kumi na Minane

Je, umewahi kumnywesha mtoto maziwa ukayaona yanarudi puani? Unamkalisha wima mapajani, unachota nusu kijiko, si kijiko kizima, unamtilia pembeni mwa shavu na kusubiri. Kiasi kinashuka tumboni. Kinachobaki kinatokea puani, unakipangusa kwa kitambaa laini, unaanza upya. Kikombe kimoja ni kazi ya saa nzima. Bibi mmoja aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili na nusu, kwa mtoto mmoja, mpaka watu wakalisahau jina lake na kumwita Bibi Kijiko.

Mjukuu wake alizaliwa na mdomo uliopasuka mpaka puani, na juu ya ulimi, kwenye kaakaa, palikuwa na tundu la kupita kidole. Mama mtu aliendelea na shamba, kulisha akaachiwa bibi. Mtoto alipofikisha miezi sita, walikuja madaktari na gari lao, wakageuza chumba cha chanjo cha zahanati kuwa chumba cha upasuaji, wakamshona mdomo. Walimfunga viwiko kwa vipande vya boksi asije akajikuna nyuzi. Walimpiga picha kabla na picha baada. Mshono ulikuwa mzuri, na Bibi Kijiko hajawahi kulikataa hilo. Kwenye kadi wakaandika: Mdomo, tayari. Kaakaa, arudi akiwa na miezi kumi na minane, tutakuwepo.

"Msichelewe, mama," nesi wa zahanati alimwambia. "Kaakaa likizibwa wakati wake, maneno yanatoka sawasawa. Likicheleweshwa, atasemea puani maisha yake yote, na watu hawatamwelewa."

Mwezi wa kumi na nane ulipotimia, Bibi Kijiko alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Gari halikuwepo. Nesi akasema limechelewa kidogo tu. Njiani kurudi, bibi alimleta mtoto kifuani, akamnong'oneza sikioni: "Usivuke hapo ulipo, mjukuu wangu. Wangoje, wasije wakasema sisi ndio tuliochelewa."

Mtoto alikuwa msikivu. Hakuvuka.

Mwezi ule alikuwa na meno kumi na mawili, na miaka mitatu baadaye alikuwa na kumi na mawili yale yale. Kucha zake hazikuhitaji kukatwa. Gauni lake la maua lilifuliwa mpaka ukiliinua juani unaona upande wa pili, lakini halikumbana. Kila mwezi nesi alimpima uzito na kuweka nukta kwenye kadi mahali pale pale, mwisho kalamu ikatoboa karatasi. Akabandika plasta kwa nyuma na kuendelea. Majirani wakamwita Miezi.

Akili haikuwa imeambiwa isimame, kwa hiyo yenyewe iliendelea na safari. Alipotimiza miaka saba alipelekwa shule. Mwalimu mkuu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono ukaishia utosini.

"Mlete mwakani," mwalimu akasema, na akasema hivyo miaka mitano mfululizo.

Mdogo wake wa kike, aliyemfuata ziwa, alimpita urefu, akaanza shule, akafika darasa la nne. Jioni alimbeba Miezi mgongoni huku akimwita dada na kumwomba ruhusa ya kwenda kucheza. Miezi alimsahihishia hesabu kwa vidole, maana maneno yake yalitokea puani yakiwa yamefanana yote. Aliyeyatofautisha alikuwa bibi peke yake.

"Wewe una bahati," fundi cherehani wa jirani alimwambia Bibi Kijiko. "Wangu kila muhula anataka sare mpya."

"Tubadilishane basi."

Fundi akacheka, kisha akainamia cherehani yake na kushona mshono mrefu.

Mwaka wa kumi na moja wa kungoja, gari likaja. Lilikuwa jipya, na madaktari walikuwa wengine. Ukutani mwa zahanati walibandika picha kubwa ya mtoto wa miezi sita mwenye mdomo ulioshonwa, na juu yake maneno: Tabasamu limerudi. Mtoto wa kwenye picha alikuwa Miezi. Walio kwenye foleni walimtambua mara moja, kwa sababu hakuwa amebadilika sana.

Bibi Kijiko alikuwa wa kwanza kufika, na kadi yake mkononi. Daktari alimulika tochi kinywani mwa mtoto, akakandamiza ulimi kwa kijiti.

"Kaakaa liko wazi," akasema. "Umri wake ndio wenyewe hasa. Tungeweza kumshona kesho asubuhi."

Karani wa msafara akatazama kompyuta.

"Huyu ana miaka kumi na miwili na nusu, daktari. Mradi ni wa walio chini ya miaka mitano."

"Mwili wake una miezi kumi na minane."

"Najua, namwona. Ila fomu inauliza mwaka wa kuzaliwa, mwili haina pa kuujaza." Akashusha kidole kwenye kioo. "Halafu hapa ameshakamilika. Kurudi kwa matibabu, tiki. Zamani hizo."

"Nani aliweka hiyo tiki, mwanangu?" Bibi Kijiko akauliza.

"Inajiweka yenyewe, bibi. Mwaka ukipita."

Daktari alivua glavu taratibu. Aliandika barua ya kwenda hospitali kubwa, safari ya siku mbili, na akasema bila kuficha kwamba mshonaji wa makaakaa wa huko alistaafu na nafasi yake haijajazwa. Kisha mpiga picha akaomba mtoto asimame chini ya picha yake.

"Mdomo uufunge kidogo," akamwambia. "Hivyo hivyo. Safi."

Walipotoka, Bibi Kijiko alikaa kwenye benchi la nje, akampakata Miezi na kutoa kikombe. Mdogo mtu, aliyekuwa ameacha shule siku hiyo kuwasindikiza, akakaa pembeni yao. Kijiko cha kwanza kikarudi puani. Cha pili kikarudi. Bibi akakiweka kijiko chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kikombe kikiwa bado kimejaa.

"Mimi ndiye niliyekwambia usivuke," akasema. "Nilidhani ni mambo ya wiki mbili. Nikaogopa kukwambia vuka, nikisema kesho watakuja, kesho watakuja. Na wewe mwenyewe sikukuuliza hata siku moja. Unataka nini, mjukuu wangu?"

Miezi akajipangusa pua kwa kiganja chake kidogo. Halafu akasema, na maneno yakapita puani kama siku zote.

"Anasemaje, bibi?" mdogo wake akauliza.

Bibi Kijiko alimsogeza Miezi karibu zaidi. Alikuwa ameinamisha sikio, na neno baada ya neno aliyasikia yote.

"Nataka kukua, bibi. Hata kama watu hawatanielewa."