Boti ya Kutosha Ukoo Mzima

Fundi saa alikuwa amekwisha kuipata boti yake, na laiti angelipa palepale akaondoka nayo, haya yote yasingetokea. Ilikuwa ndogo, ya mtumba, ubavu mmoja umepakwa rangi ovyo ovyo, na ndani ina mbao mbili za kukalia, basi. Muuzaji alimwambia kwamba anayejifunza achukue boti anayoweza kuigeuza mwenyewe majini na kuivuta mwenyewe nchi kavu. Fundi aliipenda papo hapo. Maisha yake yote yameishia kwenye kuinamia saa za watu, jicho moja limefumbwa. Sasa alitaka Jumapili akae majini na mkewe, watazame mbali.

Kosa lake ni kuwaita wa nyumbani waje kuiona. Kwenye ukoo ule hata sufuria hainunuliwi bila kikao.

Wakaja wote, na wakafanya jambo ambalo muuzaji alisema hajapata kuliona: walichagua boti kwa kuikalia, palepale uani, ikiwa juu ya magogo. Mama mkwe alikalia ubao wa mbele, mkoba wake ukaumaliza wa nyuma. Shemeji, waliyemwita Bosi ingawa hakuwa bosi wa yeyote, aliizunguka mikono nyuma, akatamka kwamba hilo ni beseni la kufulia. Wakahamia boti kubwa iliyokuwa pembeni, wakaenea wote na watoto wao.

"Hapa sasa tumekaa kama watu," akasema mama mkwe.

Muuzaji alijaribu kueleza kuwa boti kubwa ikisukumwa na upepo humshinda mgeni. Bosi akamkatiza: kwani huyu atabaki mwanafunzi milele? Fundi saa akafungua mdomo. Lakini kusema anataka ile ndogo ilikuwa sawa na kumwambia mama mkwe ashuke, na nani ana uso huo? Akanunua kubwa. Mkewe alikuwa amesimama kando, akimtazama.

Jumapili ilipofika, mama mkwe alisema magoti yanamuuma. Bosi alipata mgeni wa ghafla, na Jumapili iliyofuata akampata tena. Fundi na mkewe wakaacha kungoja, wakafika ufukweni peke yao, wakasukuma. Boti haikujongea hata kidogo. Wakasukuma kwa mabega, wakasukuma kwa migongo, fundi akaipiga teke akaumia kidole. Alimlaani Bosi, akamlaani na muuzaji aliyemwonya vizuri, kisha akaketi mchangani.

Mkewe akaketi karibu naye, akajifuta viganja.

"Mimi niliipenda ile ndogo," alisema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Mama yangu amekaa humo ndani, nimwambie mimi? Nilikuwa nakutazama wewe. Nilipoona huna neno, nikajua unataka kwenda na wote, si na mimi."

Fundi saa alimwambia mbiombio kwamba ule ubao wa pili ulikuwa wake yeye tangu siku ya kwanza, hakumfikiria mwingine kabisa, wallahi tena.

Mkewe akainuka, akakung'uta mchanga kwenye gauni.

"Ungeyasema hayo pale," alimjibu, "mbele yao."