Mahali pa Kisima

Walimwita Pimamaji, jina la kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, kwa sababu hata kalenda hatundiki bila kupima. Alikuwa mtundika picha wa jumba la makumbusho, na siku hiyo alishamaliza ukuta wa mwisho pale msanii mwenyewe, dada mmoja, alipoingia, uso umekunjamana kama aliyemeza shubiri.

"Fundi, nani kakwambia kisima kinakaa mwisho?"

Zilikuwa picha tatu za jangwa. Msanii alizichonga kwenye mabamba ya shaba, akazichapa kwa wino mweusi: kisima, nyayo zinazoelekea kulia, na mchanga mtupu. Pimamaji alizipanga kwa akili za kawaida: mchanga, nyayo, kisima. Mtu jangwani anakwenda wapi kama si kwenye maji?

"Kinakaa mwanzo," dada akasema. "Kaka yangu alikipita kwenye vumbi, hakukiona, akafa kwa kiu. Hizo nyayo ni zake."

"Pole, dada. Mama anajua?"

"Nilimwambia alifika, akanywa, homa ikamchukua amelala kivulini. Mpaka leo anashukuru kwamba alikunywa. Mdomo umenishinda, acha picha ziseme. Hamisha, mama yuko kwenye ngazi!"

"Yaani uongo useme wewe, kuufichua nitumwe mimi?"

"Hamisha!"

Fimbo ya yule bibi, mama yake, ikasikika, ko, ko. Pimamaji akateremsha mchanga, akauegemeza chini. Akateremsha kisima. Kabla hajageuka, bibi alishafika.

Ukutani zilibaki nyayo tu, katikati ya misumari miwili mitupu. Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Viatu vya mwanangu," akasema. "Kisigino kimelika upande, nilimgombeza ashonewe." Akamgeukia Pimamaji. "Na hicho ulichokumbatia, baba, kinakaa wapi?"

Pimamaji akamwonyesha dada kwa kidevu. "Mimi mtundikaji tu, mama. Mwenyewe huyo hapo."

Pimamaji akamkazia dada macho: sema, au nitundike uongo wako.

"Mwanzo, mama," dada akasema. "Alikipita."

"Hakunywa?"

"Hakunywa."

Bibi akainua fimbo. Pimamaji alidhani binti analimwa nayo. Kumbe ilikwenda juu, ikagusa msumari wa kushoto, pale mwanzo.

"Kitundike, baba. Mahali pake hapa."

Pimamaji akakitundika bila kupima.