Karatasi ya Emile

"Maman Emile, ile ni dini gani, ya kusimama muviringo kila asubuhi na hata macho hawafunge?"

Ndivyo jirani, Maman Chantal, alivyomuuliza Anne-Marie siku moja toka upande wa pili wa ua, naye alicheka mpaka akatua beseni chini. "Si dini, mama. Ni kazi. Ni vijana wa ordinatere, zile kompyuta, Emile wangu ndiye aliwaleta."

Alikuwa amewaachia salon, sebule ya nyumba yake hapo mtaani Kasha. Walikuwa wanne: Fabiola aliyewaongoza, Josué, Héritier, na Emile, mwanawe wa pekee. Walitengeneza programu ya simu ambayo wakunga wa Mwenga wangeitumia kuita pikipiki, mwanamke akishikwa na uchungu mbali na hospitali. Kazi hiyo hawakuibeba nzima kama gunia la muhogo. Waliikatakata, kila kipande kikaandikwa kwenye karatasi ya manjano, na karatasi zikabandikwa kwenye ubao wenye sehemu tatu: Ya Kufanya, Iko Mukononi, Imeisha. Kila wiki mbili walitoa kitu kidogo kinachotumika, wakawapelekea wakunga, wakaambiwa makosa usoni, wakarudi kurekebisha.

"Ni kama kuonja mboga ya sombe ikiwa ingali kwenye moto," Emile alimweleza mama yake. "Ukingojea wageni wakae ku meza, chumvi ikizidi utaitoa namna gani?"

Saa mbili ya asubuhi walisimama, maana mtu akikaa maneno hurefuka. Josué alisoma majina, na kila aliyeitwa alijibu mambo matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini inakuzuia. Na walikuwa na sheria moja waliyoishika kama amri ya Mungu: mtu hasogezi karatasi ya mwenzake. Mwenye kazi ndiye anayejua kama imeisha.

Mwezi wa nne Emile alipanda pikipiki kwenda Kamituga, hukohuko Mwenga, kuwasikiliza wakunga. Mvua ilinyesha siku mbili, mlima ukashuka pamoja na barabara. Mwenye pikipiki alipatikana chini ya udongo mwekundu. Pikipiki ilipatikana. Emile hakuonekana. Ndugu walipokuja kupanga kilio, Anne-Marie aliwafungia mlango. "Nitalia nini? Mumeniletea mwili?"

Ubaoni karatasi yake, ile ya kazi ya mtandao wa simu, ilibaki pale pa Iko Mukononi, kwa mwandiko wake mwenyewe: UJUMBE USIPOTEE REZO IKIKATIKA. Na asubuhi ya kwanza Josué, kwa mazoea tu, alifika kwenye jina lake akaliita. Wote wakanyamaza. Kesho yake akaona haya kuliruka. Basi ikawa hivyo kila siku: "Emile," kimya cha pumzi tatu, kisha jina linalofuata. Anne-Marie, ufagio mkononi kwenye korido, alikingojea kimya kile. Hapo ndipo pekee duniani mtoto wake alipokuwa bado anahesabiwa pamoja na wazima.

Siku ya Jumatatu, akifagia salon kabla hawajafika, aliona karatasi imesogea. Kidogo, upana wa kidole, kuelekea Imeisha. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Akairudisha, akachora alama ya kalamu kwenye ukingo. Jumanne alama ilikuwa pale, karatasi imeipita. Jumatano imeipita vidole viwili, na alipoishika ilikuwa na unyevu, ikamwachia udongo mwekundu kwenye kidole gumba. Udongo wa Kasha si mwekundu namna ile. Alifanya ishara ya msalaba, akaifuta kwa kitenge, akairudisha tena. Sheria aliijua. Lakini karatasi ile ikifika Imeisha, atabaki na nini?

Alhamisi vijana walifika nyuso zimekunjamana. Kesho yake wakunga walitakiwa kuanza kuitumia programu yote, na kila ujumbe waliojaribu kutuma ulipotea.

"Leo tumupe mutu mwingine kazi ya Emile," Fabiola alisema. "Na jina litoke."

"Sheria inasema mwenyewe ndiye anasogeza," akasema Héritier.

"Mwenyewe atasogeza na mukono gani, wewe? Mwanamuke atazalia njiani juu ya sheria yako?"

"Basi sogeza wewe, chef. Si uko na mikono mbili?"

Fabiola hakuinua hata mmoja. Anne-Marie aliegemeza ufagio ukutani, akaingia, akasimama kwenye pengo waliloliacha siku zote kati ya Josué na Héritier.

"Mumuite," alisema. "Asipojibu leo, mutoe jina."

Josué aliita: "Emile."

"Niko."

Anne-Marie alisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Hakuwa amelitaka. Mdomo wake ukaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma: "Jana nilitafuta pahali ujumbe unapotelea. Haupotei. Yote iko kwenye foleni. Ile numero yangu niliweka ya kujaribia, hamukuitoa. Kila ujumbe unangojea kwanza simu yangu ijibu. Leo muitoe, itapita."

Héritier alikimbilia ordinatere. Vidole vyake vilisikika, kisha havikusikika.

"Ni kweli," alisema bila kugeuka. "Mia mbili na kumi na moja. Yote inamungojea. Maman, nani alikuambia? Hii mambo wewe unaijuaje?"

Darasa la sita alilomaliza Anne-Marie halikumfundisha neno hata moja kati ya yale. Miguu yake ilikuwa baridi mpaka magotini, kama aliyesimama mtoni.

Ilibaki swali la tatu. Ni Fabiola aliyeuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Nini inakuzuia?"

"Munaniita kila asubuhi," kinywa kilisema. "Na mama ananirudisha nyuma."

Wote walimgeukia. Walimwona kidole gumba, rangi ile ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuitoa, ileile iliyobaki kwenye ukingo wa karatasi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Miguu yake ikapata joto polepole. Kinywa kilikuwa chake tena, angeweza kujitetea.

Alienda ubaoni. Aliishika karatasi ya mwanawe kwa pembe zote mbili, akaibandua, akaibandika Imeisha, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akapita katikati yao, akatoka, akashika njia ya parokia, kumwombea Emile misa ya marehemu.